Mtu Mmoja, Kiboko Kimoja

Kati ya masomo yote ya sekondari, hakuna linalodharauliwa kama uraia. Hesabu huogopwa, kemia huheshimiwa, hata jiografia ina ramani za kupaka rangi. Uraia hupangwa saa nane mchana, bati linapochemka na wanafunzi wanasinzia, na mwalimu wake huwa yeyote ambaye vipindi vyake havijajaa. Taja mihimili mitatu ya dola. Taja sifa za mpiga kura. Taja, taja, taja, halafu nenda nyumbani ukasahau.

Mwalimu mmoja wa kike hakulichukulia hivyo, na laiti angelichukulia hivyo, ndugu yake asingevunjwa mbavu. Wanafunzi walimwita Katiba, kwanza kwa kumcheka, kisha kwa mazoea, mpaka mwenyewe akawa anaitika. Alikuwa mfupi, mwenye sauti iliyofika nyuma ya darasa bila kupazwa. Katika chumba cha walimu kila mmoja alikuwa na msumari wake ukutani, na kwenye kila msumari ilining'inia fimbo. Kwenye wa Katiba ulining'inia mkoba mweusi, mkubwa kama wa mkunga. Mwalimu wa nidhamu, ambaye shule nzima ilimwita Radi, alizoea kumtania.

"Katiba, hao watoto utawalea kwa mkoba?"

"Nitawalea kwa maneno, mwenzangu. Wewe endelea kuwalea kwa mti, tutaona wa nani watanyooka."

Chuki yake kwa fimbo ilikuwa na asili yake. Baba yao alikuwa seremala, fundi hodari na mtu wa hasira za karibu. Alikuwa na pima maji aliyoithamini kuliko vitu vyote nyumbani, kile chombo chenye kichupa cha maji na kiputo kimoja ndani, kinachokimbia huku na huku mpaka mbao zikae sawa. Katiba, siku hizo mtoto wa kung'oka meno ya mbele, alitaka kujua kile kiputo kinaishije mle ndani. Akachukua nyundo. Kioo kikapasuka, maji yakamwagika mchangani, na kiputo asikione kimekwenda wapi.

Kaka yake, aliyemzidi miaka minne, alikuwa mlangoni akiona yote. Alimnyang'anya nyundo asije akaumia kwa vioo. Na hivyo ndivyo baba yao alivyomkuta: nyundo mkononi, pima maji miguuni.

Baba aliuliza mara moja tu. Mvulana akanyamaza. Kofi la kwanza lilimpeleka mpaka kwenye meza ya kazi, kichwa kikagonga pembe. La pili lilimkuta akiwa bado hajasimama. Halafu mzee akaona mkono haumtoshi, akachukua ubao. Katiba alikuwa nyuma ya mlango, mdomo umejaa ukweli, ukweli hautoki. Alisikia ubao unavyolia juu ya mfupa, na alikuja kugundua kwamba sauti ile haifanani na sauti nyingine yoyote duniani. Mama yao alipokuja mbio kutoka kisimani, damu ilikuwa inatoka sikio la kushoto la mtoto, nyembamba, kama uzi.

"Una hakika ni yeye?" mama aliuliza huku analia.

"Kama si yeye," baba akasema, anafuta jasho, "basi hiyo ni ya siku ile ambayo hakukamatwa."

Sikio lile halikupona. Baadaye mdogo mtu alithubutu kuuliza kaka yake anasikia nini upande ule. "Mbu," kaka akajibu. "Mbu aliyefungiwa kwenye kopo." Hakumlaumu, wala hakuligusia jambo lile tena. Baba alikufa bila kujua nani alivunja pima maji yake. Kuanzia hapo, popote walipokwenda wawili hao, Katiba alitembea upande wa kulia wa kaka yake, na walipoketi aliketi kulia kwake, mpaka watu wakadhani ni mila ya ukoo wao.

Kaka akawa seremala kama baba. Jasho lake ndilo lililolipa karo ya mdogo wake mpaka chuo cha ualimu, na Katiba alipopata kazi, naye akamtafutia kaka kazi ya kutengeneza madawati pale pale shuleni. Shule ikamwita Fundi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya madarasa, maranda yamefika kwenye vifundo vya miguu, na humo alikuwa akiimba kwa sauti kubwa mno, kama waimbavyo watu wasioisikia vizuri sauti yao wenyewe.

Sasa kuhusu ufundishaji wa Katiba mwenyewe. Katiba hakutaka wanafunzi wataje, alitaka watende. Darasa lake lilikuwa na bunge na lilikuwa na mahakama. Hakimu alikuwa kiranja wa darasa, msichana mrefu, mkali wa nidhamu, ambaye hata akicheka alicheka kwa utaratibu. Kulikuwa na mwendesha mashtaka, mvulana mwenye mabega mapana na ulimi mwepesi. Kulikuwa na wakili wa utetezi, mwembamba, wa miwani. Aliyeshika dasta ya ubao ndiye mwenye haki ya kusema, na wengine wote walifunga midomo. Kesi ilisikilizwa mwanzo hadi mwisho, kisha darasa zima likapiga kura kwa kunyoosha mikono. Nani kaiba kalamu? Nani kamchora mwalimu wa kemia na masikio ya punda? Siku moja walisikiliza kesi ya mtu aliyechafua hewa wakati wa mtihani, na mshtakiwa alishinda kwa kukosekana ushahidi wa kuonekana kwa macho. Adhabu zilikuwa kufagia, kuchota maji, kumwagilia maua. Darasa lile likawa tulivu kuliko yote. Hata Radi alikiri, ingawa alikiri kwa kikohozi.

Juu ya ubao palikuwa na kibao alichokichonga Fundi kwa mkono wake: WENGI WAPE. Na siku ya somo la usawa mbele ya sheria, Katiba alikuja na msumeno wa kaka yake, akaupitisha kwenye madawati wanafunzi wauguse meno.

"Sheria ni msumeno," akasema. "Unakata ukienda, unakata ukirudi. Haujui huyu ni mtoto wa nani."

"Hata ndugu yako, Mwalimu?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Hata ndugu yangu. Hata mimi mwenyewe."

Fundi alikuwa dirishani akisubiri msumeno wake. Hakusikia swali wala jibu, lakini aliona watoto wamemgeukia, akawapungia mkono.

Halafu kulikuwa na lile jambo la stendi. Watu walimshika kijana mmoja pale, wakapiga ukelele wa mwizi, na alikufa kwa mawe kabla ya mtu yeyote kutaja alichoiba. Wanafunzi walikuwa wakipita kwenda shule. Waliingia darasani na vumbi kwenye viatu, na wengine walikuwa wanajifuta viganja kwenye sketi na suruali. Katiba hakuuliza nani karusha. Alifuta alichokuwa ameandika ubaoni, akatumia kipindi kizima kueleza haki ya mtuhumiwa, na alieleza kwa uchungu mpaka sauti ikamkatika. Mwishoni Hakimu akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo, Mwalimu, kosa lao ni kwamba hawakumsikiliza kwanza?"

"Ndiyo hasa," Katiba akasema. Alifurahi. "Umeelewa. Hawakumsikiliza kwanza."

Kengele ikalia. Alitoka akiwa ameridhika na nafsi yake, maskini, kama mtu aliyefunga mlango wa mbele vizuri na kusahau wa nyuma.

Wiki iliyofuata Fundi alimjia asubuhi kabla ya paredi, soksi mkononi. Ndani ya soksi kulikuwa na simu. Aliikuta imebanwa chini ya dawati lililovunjika mguu, dawati la darasa lake yeye Katiba.

Simu shuleni ilikuwa balaa. Mwanafunzi aliyekutwa nayo alifukuzwa, na simu yenyewe mkuu wa shule aliiweka juu ya jiwe mbele ya paredi akaipondaponda kwa nyundo, akihesabu. Katiba aliitambua soksi. Ilikuwa ya Hakimu. Alijua pia kwamba mama wa binti yule alifanya kazi za ndani mbali, nchi ya watu, na simu ile ndiyo iliyokuwa mama yake.

Utaratibu ulisema aipeleke kwa mkuu. Katiba, mtu wa utaratibu, aliitia mkobani.

"Usimwambie mtu yeyote," alimwambia kaka yake, akiwa amesogea kwenye sikio la kulia. "Yeyote. Jioni nitamrudishia mwenyewe."

"Mimi na nani tena?" Fundi akacheka. "Nimekuwa redio?"

Kisha Katiba aliitwa kwenye semina ya walimu upande wa pili wa mji, akaondoka na mkoba wake begani.

Adhuhuri Hakimu alipapasa chini ya dawati lake, lililorudi limetengenezwa, akakuta mbao tupu. Kumwambia mwalimu hakuweza, kwani kusema "nimeibiwa simu" ni kusema "nifukuzeni". Lakini darasa lile lilikuwa na mahakama yake. Saa nane, kipindi cha uraia, walimu waliobaki wakiwa kwenye kikao cha wafanyakazi, wanafunzi walifunga mlango wakakaa kama walivyofundishwa. Hakimu ndiye aliyeibiwa na Hakimu ndiye aliyehukumu, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu siku zote alikuwa yeye.

Walimwita Fundi kwa heshima. Walimpa kiti. Mwendesha mashtaka alishika dasta akamsomea shtaka: dawati lilikwenda karakana na simu, likarudi bila simu. Fundi alielewa upesi wanachotafuta. Aliulizwa kama aliiona. Akanyamaza. Aliulizwa iko wapi. Akanyamaza, akatazama mikono yake. Wakili wa miwani alisimama, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba huyu ni mtu mzima, ni kaka wa Mwalimu, pengine tumsubiri Mwalimu.

"Mwalimu alisema hata ndugu yake," mwendesha mashtaka akajibu. "Au hakusema?"

Alikuwa amesema. Wakapiga kura, na mikono mingi ikapanda. Wakajadili adhabu. Kufagia? Mtu mzima hafagii. Mmoja akasema watu wazima wakiiba hupigwa, hata stendi tuliona. Mwingine akasema pale stendi walikosea kwa sababu hawakumsikiliza, sisi tumemsikiliza. Ikaonekana ni hoja nzuri. Na ili pasiwe na uonevu, mmoja asipige sana na mwingine asipige kidogo, bunge la darasa likapitisha kwamba kila raia atapiga mara moja. Mtu mmoja, kura moja. Mtu mmoja, kiboko kimoja. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini.

Fundi alipoelewa maana ya mikono ile alisimama akaelekea mlangoni, na wavulana wa nyuma wakamshika. Walimpeleka karakana.

Semina ya Katiba ilivunjika mapema kwa kuwa mtoa mada hakufika. Aliingia shuleni kwa geti dogo, akapita nyuma ya madarasa, na cha kwanza kuona kilikuwa foleni. Wanafunzi wake walikuwa wamejipanga mmoja nyuma ya mwenzake kutoka mlango wa karakana mpaka kwenye bomba la maji, kimya, bila kusukumana. Moyo wake ulifurahi. Alidhani wanachukua madawati. Alikuwa tayari kuwasifu, mdomo umeshafunguka, aliposikia ile sauti.

Hakuwa ameisikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliitambua kabla mguu wa pili haujagusa chini.

Aliingia kwa kuwapitia juu wale wa mbele. Fundi alikuwa amelala kifudifudi kwenye maranda, na maranda yalikuwa yamelowa, yamemganda usoni na kwenye nywele. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekaa upande ambao mkono haukai. Walikuwa wanapiga kwa mguu wa dawati, mpya, uliorandwa vizuri, aliouranda Fundi mwenyewe asubuhi ile. Wa kwanza kwanza walipiga matakoni, kwa aibu, kama mchezo. Halafu mmoja akapiga kwa nguvu ili asionekane mwoga, na baada ya hapo kila aliyefika alitaka kumpita mwenzake. Mwendesha mashtaka alipiga mara tatu na hakuna aliyemkumbusha sheria. Wakati huo zamu ilikuwa ya wakili wa utetezi. Miwani yake ilikuwa na matone. Alikuwa analia na alikuwa anapiga.

"Mwalimu," Hakimu akasema. Alikuwa amesimama pembeni, dasta kifuani. "Tumefuata hatua zote."

Katiba alimpokonya yule mtoto mti. Na hapa lazima niseme lililotokea, maana watu wengi waliomhurumia baadaye hupenda kuliruka. Mwendesha mashtaka alimshika bega akianza kueleza, "Mwalimu, kesi ilikuwa hivi," na Katiba alimpiga. Alimpiga begani, akampiga mgongoni, na kijana alipoanguka alimpiga tena akiwa chini. Mkono ulijua kazi hiyo bila kufundishwa. Ulikuwa mkono wa baba yake, na ulikuwa mtamu, na utamu ule ndio uliomtisha akautupa mti. Foleni ilikuwa imekimbia, vumbi tu limebaki. Alipiga magoti. Kaka yake alimtazama kwa jicho moja, la pili halikufunguka.

"Sikusema," Fundi akasema, na jino likatoka pamoja na neno.

Mkoba ulikuwa bado begani mwake.

Hospitali walihesabu mbavu, wakafunga mkono plasta, wakashona kichwa. Daktari alisema uti wa mgongo umepona kwa bahati na figo wataziangalia. Polisi waliwachukua Hakimu na mwendesha mashtaka na wavulana wawili wengine. Mkuu wa shule alimwita Katiba ofisini, akafunga mlango, akammwagia pole nyingi. Halafu akafika alipotaka kufika.

"Hiyo simu haijaonekana," akasema. "Tumepekua karakana yote. Unajua, mwalimu, inasikitisha kusema, lakini kama marehemu... samahani, kama mgonjwa alikuwa na udokozi, jambo hili litakwisha kwa wepesi. Wazazi watalipa matibabu, polisi watafunga faili, watoto watarudi darasani. Jina la shule litabaki."

"Na jina lake?"

Mkuu akapanga kalamu zake. "Yeye ni fundi. Atapata kazi kwingine."

Katiba alitoka na mguu mzito. Akisema kwamba simu alikuwa nayo, kazi imekwenda, kwa kuwa kumficha mwanafunzi mwenye simu ni kosa la mwalimu la kufukuzwa, na baba wa watoto wake wawili alikuwa kaburini. Asiposema, kaka yake atatembea mji mzima akiwa mwizi aliyekamatwa na watoto. Alikwenda hospitali kumwambia kwamba atasema. Fundi alimsikiliza, kisha akatikisa kichwa polepole, kwa sababu kila kitu kilimuuma.

"Nyamaza, mdogo wangu. Watakufukuza, na hao watoto watakula nini? Maneno yatapita."

"Watakuita mwizi, Kaka."

"Na waite. Mimi nimeshazoea."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekupisha kwenye kiti. Katiba alikaa kulia kwake, akitazama ukuta ulioko mbele, na hakuweza kugeuza shingo.

Mkutano wa wazazi ulifanyika katika ukumbi wa shule. Viti vilijaa, watu wakasimama kwenye madirisha. Mama wa Hakimu alikuwa amefika kutoka huko mbali, na begi lake la safari lilikuwa bado miguuni. Baba wa mwendesha mashtaka, mtu wa lori, alisimama akasema kilichomo moyoni mwa wengi.

"Watoto wetu wamempiga mwizi. Tangu lini kumpiga mwizi kukawa kesi? Wangeiba wao, mngesema hawakulelewa. Wamemkamata mwizi, mnasema hawakulelewa!"

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Mkuu wa shule aliinua mikono kutuliza. Akasoma pendekezo: Fundi aachishwe kazi kwa wizi, wanafunzi wapewe onyo, wazazi na shule kwa pamoja waombe polisi waachane na shauri hilo.

"Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Katiba alikuwa ameketi na walimu mbele, akaitazama. Ilikuwa mikono ya kawaida, ya wauza duka na wauguzi na makondakta, na ilipanda kwa namna ile ile aliyowafundisha watoto wao, kiwiko kikiwa kimenyooka. Wengi wape. Alisikia mdomo wake umejaa kama siku ile nyuma ya mlango. Akasimama, akafungua mkoba, akatoa soksi, akaiweka mezani mbele ya mkuu, na kutoka kwenye soksi akatoa simu.

"Hii hapa," akasema. Sauti yake ilifika madirishani bila kupazwa. "Haikuibiwa. Fundi aliikuta, akaniletea asubuhi ile ile. Mimi nikaificha ili mtoto asifukuzwe, na nikamwambia Fundi asiseme. Hakusema. Walimpiga, hakusema. Na wanangu hawa walichofanya nimewafundisha mimi. Niliwafundisha kusikiliza na kupiga kura, nikasahau kuwafundisha kwamba kuna mambo ambayo hata mkinyoosha mikono wote hamna ruhusa nayo. Kunyamaza kwangu kumempiga huyu mtu mara mbili. Ya tatu sitaki."

Hakuna aliyeuliza ya kwanza ni ipi. Mama wa Hakimu akainuka. Alipita kati ya viti bila haraka, akaiangalia simu, akaifahamu, yeye ndiye aliyeinunua.

"Mwanangu amelala mahabusu," akasema, "na simu ilikuwa kwenye mkoba wako?"

"Ndiyo, dada."

"Wiki nzima?"

"Ndiyo."

Kofi lilitua sikio la kushoto. Lilikuwa kofi la mkono unaofua na kupiga deki tangu alfajiri, na Katiba alikwenda nalo mpaka kwenye meza. Mtu akapiga kelele, "Mwizi ni huyu!" na neno hilo likishatamkwa halihitaji dereva. Kiti kikarushwa. Baba wa lori akamshika ukosi, mwingine nywele, mwingine, hajui ni nani mpaka leo, akampiga teke la kiuno. Alianguka katikati ya viatu. Aliona viatu vya kila aina, na akakumbuka foleni ya karakana, na alifikiri kwa utulivu wa ajabu kwamba hawa hata foleni hawana.

Aliyemtoa ni Radi. Alikuja na fimbo yake ya miaka yote, akiwacharaza wazazi miguuni kama kidato cha kwanza, huku akinguruma, "Kaa chini! Kaa chini, nimesema!" Na watu wazima, wengine walishawahi kupigwa naye walipokuwa wanafunzi, wakakaa. Alimkokota Katiba mpaka nje, akamsimamisha karibu na bomba.

"Maneno," Radi akasema, anahema. "Wewe na maneno yako."

Kisha akavua koti lake, akamfunika, maana gauni lilikuwa limechanika begani.

Alisimamishwa kazi siku ile ile. Pendekezo la mkuu lilikufa mezani, kwa sababu hata mkuu hawezi kumfukuza mtu kwa wizi wa kitu ambacho hakikuibiwa. Kesi ya watoto iliendelea, na Katiba aliitwa mara mbili kutoa ushahidi, mara moja dhidi yao na mara moja, kuhusu mti aliomwangushia mwendesha mashtaka, dhidi yake mwenyewe. Zote mbili alizijibu.

Lakini kabla ya hayo yote, siku ya mkutano, alitoka shuleni akaenda moja kwa moja hospitali, koti la Radi mabegani, shavu limevimba mpaka jicho. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, wamemkalisha ili apumue vizuri, mkono wa plasta mapajani. Alimtazama anavyoingia.

"Nani kakupiga?"

"Wengi," Katiba akasema.

Fundi alianza kucheka, mbavu zikamkataza, akashika ubavu. "Kwa hiyo umesema."

"Nimesema."

"Nilikuambia unyamaze."

"Uliniambia."

Alikwenda kulia kwake, kwa mazoea, akakaa. Fundi akasema neno jingine, na Katiba akaona midomo yake inacheza lakini hakusikia kitu, kwa maana sikio lake la kushoto, lililokuwa upande wa kaka yake, lilikuwa limeziba na ndani yake kulikuwa na mlio mwembamba, hauishi, unazungukazunguka. Aliusikiliza kwa muda. Alikuwa amesimuliwa habari zake tangu utotoni.

"Kaka," akasema, "nimemsikia yule mbu."

Fundi akaligusa lake la kushoto. "Anakera, eh?"

Hilo pia hakulisikia vizuri. Ikambidi ageuke mwili mzima, magoti kwa magoti, amtazame usoni, lile jicho lililofumba na lile lililofunguka, ndipo akamwomba arudie.